Masikio ya Baba na Saa ya Nje

4 Machi

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Nakupa na ya pili kabisa, ya akiba, maana najua utanung'unika kwamba nimekaa kimya muda mrefu. Huku kwetu wote tunapumua. Cherehani ya Mama imepona, sasa inapiga kelele kama zamani. Paka amezaa kabatini juu ya mashati ya Baba, na Baba badala ya kumfukuza amemwachia mashati.

Mimi ndiyo usiseme. Wale waliosema kwamba aliyeacha shule kidato cha pili ataishia kusukuma mkokoteni, waambie waje wanione. Sasa hivi mimi ni fundi mitambo wa redio ya mtandaoni. Si msaidizi tena. Yaani bosi hajatamka kwa mdomo wake, lakini nikiugua siku moja redio nzima inakuwa bubu, sasa hapo msaidizi ni nani? Bosi mwenyewe tunamwita Kiyoyozi, kwa sababu akiingia tu chumba kinapoa na kila mtu anajikunyata kwenye kazi yake.

Sasa sikia jambo la maana. Watu walikuwa wanalalamika kwamba muziki wetu unakwaruza. Kiyoyozi akaagiza kitu kinaitwa saa ya nje. Usifikirie saa ya ukutani, haina mshale hata mmoja. Ni kisanduku cheusi, bapa, kina taa ya kijani mbele. Ngoja nikufundishe, usije ukasema sikukupa elimu. Muziki wa siku hizi haupiti kwenye waya kama maji kwenye bomba. Unakatwakatwa vipande vidogo mno, halafu vipande vinapokelewa upande wa pili, kila kimoja kwa zamu yake. Anayehesabu zamu ni saa iliyo ndani ya mtambo. Sisi tuna mitambo miwili: meza ya kuchanganyia sauti, na boksi la kurushia muziki mtandaoni. Kila mmoja una saa yake, na kila mmoja unajiona ndio mkubwa. Huu ukiwahi kidogo na ule ukichelewa kidogo, kuna kipande kinakosa pa kukaa. Hapo ndipo sauti inapokwaruza. Unaleta saa ya nje, unachomeka waya mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule, unawaambia: nyamazeni wote, mfuateni huyu hapa. Kama wewe ulivyokuwa unafanya tukigombania nani atangulie bafuni.

Nani kaifunga? Mimi. Kwa mikono hii. Nimekuwekea picha humu ndani, nimesimama nayo, taa inawaka, angalia nilivyotoka. Tangu hapo kila mtu anasifu. Kiyoyozi alifumba macho akasema sasa anasikia hata kope za mwimbaji zikigongana.

Kila mtu isipokuwa Baba.

Sikutaka kuliandika hili ila kalamu imeshafika. Kile kipindi chetu cha Jumapili jioni, cha piano na yule mama mwenye sauti nzito, Baba hakikosi, kwa sababu hiyo piano anaiweka sawa yeye mwenyewe, kukaza waya za piano ndiyo kazi yake. Jumapili iliyopita nimerudi kazini namkuta bado amekaa na spika mapajani, ameizima.

"Mlikuwa na kitu kinagonga pale?" akaniuliza.

"Kitu gani, Mzee?"

"Tik. Inakuja, inapotea, inakuja tena."

Nikamwambia hakuna tik wala tok, mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho na hedifoni kichwani. Akasema sawa. Tangu siku hiyo anasema sawa kwa kila kitu.

Nisikilizie Jumapili, uniambie kazi yangu ikoje. Usinionee haya, sifa nitazibeba zote. Ningekupigia, lakini simu yako haipokei picha.

Ni mimi mwanao,
Fundi Mitambo


2 Aprili

Mwanangu Fundi Mitambo (nakuita hivyo ili unisome mpaka mwisho),

Marahaba. Ya pili nimeiweka, nitaitumia siku utakayonikasirisha, na siku hiyo haiko mbali.

Mimi ni mzima. Chumba cha kufulia kimeongezewa mashine, zote zinatetemeka kwa pamoja mpaka sakafu inanipanda miguuni. Hoteli imejaa, na kila mgeni anajifanya kwao hawajawahi kulalia shuka moja siku mbili. Wasichana ninaowasimamia wameanza kuniita Mama Shuka. Wanadhani sijui.

Picha nimeiona, umependeza. Ila shati ni la baba yako, kola yake naijua. Kumbe paka hakuyachukua yote.

Hayo mambo ya vipande na zamu nimeyaelewa, usishangae. Huku tunakunja shuka watu wawili, mmoja huku mmoja kule. Mwenzako akiwahi, kona zinapishana, shuka nzima inaharibika. Lazima mmoja ahesabu na wote wamfuate. Huku anayehesabu ni mimi.

Kipindi nilikisikiliza. Binti wa mapokezi aliniazima simu yake na zile spika ndogo za kuchomeka masikioni. Yule mama anaimba vizuri sana. Piano imetulia. Vile viatu nilivyokutumia vilikutosha?

Simu yangu ina matatizo, nimeilaza kabatini. Msinipigie. Barua zinatosha, barua haimkatishi mtu maneno.

Jambo moja tu. Hiyo tik, baba yako anaisikia sikio gani? La kulia, la kushoto, au yote? Muulize kijanja, usimwambie swali ni langu. Na usimtanie kwa hilo jambo. Ninaujua mdomo wako.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi, au niseme Mama Shuka (wasichana wako wana akili sana),

Shikamoo. Viatu vinanibana kidogo upande wa kulia lakini nasema vimenitosha, kwa sababu vinang'aa na watu wananipisha njia. Mama anakusalimia. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja amefanana na wewe, anaangalia watu kama wamemwibia kitu.

Umechelewa. Barua yako inasema nisimtanie, na mimi nilikuwa nimeshamtania. Tulikuwa tumekaa wote, Mama kwenye cherehani, Baba akaninong'oneza kwamba amesikia tena tik, basi mdomo wangu ukatangulia mbele bila mimi. Nikasema, "Mzee, saa ya nje ipo, taa ya kijani inawaka, redio nzima ni safi. Ukisikia kitu, hicho ni cha kwako." Nilidhani atanirushia kandambili kama kawaida. Aliyenirushia ni Mama, ambaye kwa kelele za cherehani aliambulia dharau yangu tu. Baba alicheka kidogo, halafu akanyanyuka akaenda kusimama uani.

Baada ya hapo alikwenda kuweka sawa piano ya shule. Jua halijafika katikati amerudi na begi lake. Namuuliza kulikoni, ananiambia, "Nikikaza waya, naisubiri tik. Nikiisubiri tik, noti inanipita." Akakaa. Halafu akatangaza, kama mtu anayesoma habari, kwamba vifaa vyake vyote atampa Nyuzi, yule fundi magita wa jirani. Ufunguo wa kukazia, nyundo ndogo, vitambaa, begi lenyewe. Mwezi wa sita ukiisha anafunga kazi. Nikamwambia mikono yako mizima, Mzee, unafunga nini. Akasema, "Mimi siuzi mkono. Mimi nauza sikio."

Shangazi, wewe unamjua. Baba bila begi lile hajui hata aweke wapi mkono wake wa kushoto. Mama anashona tu, ila anashona vitu ambavyo havina mwenyewe.

Kuhusu sikio: ni yote mawili. Nilimuuliza kijanja, akajibu kijanja zaidi, akasema, "Mama alianza hivihivi." Mama yake, yaani Bibi. Mimi Bibi nimemjua akiwa hasikii, tunampigia kelele anatucheka. Hakuna aliyewahi kunisimulia ilianzaje. Wewe ulikuwemo humo ndani. Ilianzaje?

Na umenipiga chenga. Mimi nimekuuliza sauti ikoje, wewe umeniuliza viatu. Mimi ni bingwa wa kukwepa maswali, walimu wote wanishuhudie, kwa hiyo nikikutana na mwenzangu namjua. Jibu.

Mwanao


25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua nyingine nikaichana. Salamu kwa mama yako, mwambie kile kitambaa cha maua nimekipata, na aache kushona vitu visivyo na mwenyewe.

Bibi yako alianza kwa kusema kuna mtu anagonga kidole mezani. Tulitazama, hakuna mtu. Kesho yake tena: nani anagonga? Tukacheka naye, ikawa mchezo wa nyumbani, kila kitu kikipotea tunasema amechukua mgongaji. Mgongaji akakaa muda mrefu. Halafu akaondoka, na akaondoka na sauti zetu zote. Baba yako alikuwa mdogo. Alikuwa anasimama mlangoni nyuma yake anapiga mluzi, kusudi ageuke. Hageuki. Anapiga tena.

Sasa unajua. Baba yako haogopi tik, anaogopa kinachofuata.

Unasema nimekwepa. Nimekwepa. Na mimi ninaisikia.

Ilikuwa Jumapili ile ya kwanza uliyonituma nisikilize, ya mwisho wa Machi. Yule mama alimaliza ubeti, piano ikasimama, akavuta pumzi kabla ya kuingia kiitikio. Pale katikati, tik. Kama ukucha juu ya glasi. Nikahamisha spika kutoka sikio hili kwenda hili. Nimesikiliza na Jumapili zilizofuata, sikuikosa. Naisikia pale ninaposikiliza muziki wenu, lakini kazini sijui, mashine zinanguruma, mle ndani hata mtu akigonga nyundo humsikii. Ndiyo maana simu iko kabatini, haina ugonjwa wowote. Sikutaka baba yako anipigie akanisikia nasema "eti?" mara mbili. Yeye angejua hapo hapo.

Mimi kazi yangu nayo ni ya sikio, ingawa haionekani. Mashine ikianza kulia vibaya, mimi ndiye ninayeisikia kabla haijaunguza shuka. Nikikosa hilo, watanipangia kukaa mlangoni nigawe taulo.

Usimwambie. Ana lake, asibebe na langu. Akishampa Nyuzi begi na akaona nyumba ndogo, mwambie chumba kipo huku kwangu. Tutakaa wawili, tupigiane kelele mpaka majirani wahame.

Shangazi yako


6 Juni

SHANGAZI!

Shikamoo ya mbio. Salamu za nyumbani leo zitakaa mkiani, nikizitanguliza nitapasuka.

Huumwi. Baba haumwi. Hakuna anayeumwa isipokuwa boksi letu la kurushia.

Ngoja nikueleze taratibu, nimekaa chini. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za studio. Nilipofika pale penye pumzi na kiitikio nikasimama. Nikaisoma tena. Nikamwambia Kiyoyozi naumwa tumbo, nikakimbia na viatu vyangu vya kubana mpaka nyumbani. Baba yuko uani anawaangalia paka.

"Mzee, ile Jumapili ya mwisho wa Machi, tik uliisikia wapi?"

"Unataka kunicheka tena?"

"Wapi, Mzee?"

"Pale anapovuta pumzi, kabla ya kiitikio. Tangu lini wewe unajali?"

Shangazi, nilitaka kumbusu. Hebu fikiria. Wewe uko huko, Baba yuko huku. Masikio ya watu wawili, miji miwili, yanaweza kuugua kwa pamoja, tena kwa kupokezana na kiitikio? Mgongaji gani huyo anayejua wimbo?

Nikarudi studio mbio. Na njiani ndipo nikagundua kitu ambacho naomba usimsomee mtu: mimi redio yetu sijawahi kuisikiliza kama wanavyoisikiliza watu. Hata siku moja. Mimi hedifoni zangu zimechomekwa kwenye meza, muziki naupata kabla haujaingia kwenye boksi. Nimekuwa mpishi anayeonja chunguni tu, sahani ya mteja hajawahi kuigusa. Basi nikakaa tena kwenye ngazi, nikafungua redio yetu kwenye simu yangu, kama msikilizaji. Nikasubiri. Wimbo wa kwanza hakuna. Wa pili, nimeshaanza kukata tamaa: tik.

Nilikumbatia ukuta. Mwanamke wa ofisi ya jirani alipita akaniuliza kama nimefiwa.

Nikaingia ndani, nikaligeuza boksi. Kwa nyuma kuna swichi ndogo kama punje ya mchele. Ukiilaza kushoto boksi linafuata saa yake ya ndani, ukiilaza kulia linafuata saa ya nje. Swichi ya meza ilikuwa imelazwa vizuri. Ya boksi ilikuwa imebaki kushoto, kwenye ndani. Waya umechomekwa, taa ya kijani inawaka, kila kitu kinapendeza, na boksi halina habari. Ni kama mtoto aliyeitwa akaitika "naam" halafu haji. Miezi yote hii saa ya nje inahesabu peke yake na hakuna anayeifuata.

Kuna mtu alisahau kuigeuza hiyo swichi. Jina lake halina umuhimu. Siku ile alikuwa na mambo mengi.

Na wasikilizaji wengine? Nimewauliza wawili watatu. Wote wanaisikia tik, na wote walidhani ni bando lao linakaribia kuisha. Sasa zile kope alizozisikia Kiyoyozi, mimi sijui zilikuwa za nani.

Swichi sikuigeuza hapo hapo. Akili hiyo nilikuwa nayo, isifie. Nilirekodi kwanza, muziki kama unavyotoka mtandaoni na tik zake, nikaenda nao nyumbani. Baba na Mama wapo sebuleni, Mama yuko kwenye cherehani. Nikaweka spika mezani. Nikasema, "Kila atakayesikia kitu cha ajabu anyooshe mkono."

Muziki ukaenda. Tik. Baba anaangalia ukuta, mikono yake ameikalia. Nikaona mkono umeinuka, una mkasi. Mkono wa Mama. Wala hajanyanyua macho kwenye kitambaa.

"Mama, umesikia nini?"

"Si hiyo tik."

Baba akageuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. "Wewe unaisikia?"

"Kila Jumapili."

"Tangu lini?"

"Tangu mlivyoanza kuisikiliza. Nilijua ndivyo redio yao ilivyo, mambo yenyewe si kayafunga huyu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Nilikuwa nakuficha, mama watoto. Sikutaka ujue nasikia kitu."

"Haya, mtu akinificha swali, mimi nitampa jibu gani? Nimeona umeacha kazi, nikakuuliza una nini, ukasema uchovu. Nikajua uchovu."

Baba akaanza kucheka. Shangazi, sijui kama umewahi kumsikia akicheka vile, maana mimi sijawahi. Alianza tumboni, akaenda mpaka machozi, akashika kitambaa kilichokuwa karibu akajifutia uso mzima. Kumbe ni suruali ya mteja. Mama akampokonya, na Mama naye anacheka na anamtukana, vyote kwa mara moja. Mimi nilisimama katikati nimeshika spika, nikawa najifanya nakohoa.

Alipotulia akauliza, "Nyuzi yupo?" Hakungoja jibu, akatoka na kandambili. Nikamfuata, kwa sababu Baba alikuwa ameshampa begi wiki iliyopita, ili azoee. Tunafika, Nyuzi amevipanga vifaa vyote juu ya kitambaa cheupe utadhani daktari, na yeye yuko kwenye stuli anakaza gita la mtu.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Mzee, si ulisema masikio yamechoka?"

"Uzi wa tatu huo umelegea."

Nyuzi akaupiga. Akaupiga tena ameusogeza sikioni. Akaukaza. Akasema, "Mzee, mimi mwenyewe nilikuwa sijalala, ile piano ya shule nilikwenda kuiangalia, ina waya zaidi ya mia mbili. Chukua begi lako. Chukua na hiki kitambaa." Alivyompa haraka, nadhani yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Kesho yake Baba alikwenda shule, akarudi jioni, mikono myeusi, njaa imemshika, analalamika kwamba watoto wanapiga piano kwa viwiko. Analalamika, Shangazi! Neno "sawa" limehama nyumba hii.

Habari yako Baba hajui. Uliniambia nisimwambie na nimefunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na taya zinaniuma. Ukimwambia mwenyewe utanipumzisha.

Swichi nimeigeuza. Nimesikiliza kwenye ngazi, na sikio langu linasema ni safi. Lakini sikio langu ndilo lililosema ni safi tangu mwanzo, kwa hiyo leo sina la kujisifia, iandike tarehe hapo ulipo. Baba amesikiliza, amesema ni safi. Kilichobaki ni wewe. Jumapili sikiliza. Ningekuwa na namba ya yule binti wa mapokezi ningempigia akuitie, isingekuwa lazima nimlilie dereva wa lori la magodoro akuletee barua. Namba naitaka kwa ajili ya dharura kama hizi tu, usianze kuwaza mengine.

Salamu sasa: Mama mzima, paka wote wazima, Baba mzima, mzima, mzima.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na ile ya akiba. Nimeitumia yote.

Dereva wako alinikuta kazini. Nilifungua bahasha nimesimama kati ya mashine, nikasoma "huumwi", nikakaa juu ya rundo la shuka safi. Wasichana walipoona Mama Shuka ameketi juu ya shuka za wageni, tena analia, walijua kuna msiba. Wakazima mashine zote, moja baada ya nyingine, wakaja wakanizunguka. Nikawaambia washeni, hakuna aliyekufa. Hawakuwasha. Ikabidi niwasimulie, na wao wakaanza kucheka, na mimi nikacheka, na siku ile taulo za ghorofa nzima zilichelewa. Meneja aliuliza kuna nini. Nikamwambia masikio yangu ni mazima. Akasema hongera, akaondoka akitingisha kichwa.

Huyo mtu aliyesahau swichi, usiyetaka kumtaja, mimi ninayo picha yake. Amevaa shati la baba yake, anaangalia kamera badala ya kuangalia nyuma ya boksi. Nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Lakini ndiye huyo huyo aliyekimbia na viatu vya kubana, kwa hiyo sitamsema sana. Kidogo tu, kila mwezi.

Namba ya binti sikupi.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ni ya baba yako. Nimemwambia yote, ya simu na ya kabati na ya kuhamisha spika sikio kwa sikio. Mpe mkononi. Usiifungue kwa mvuke wa birika, najua unajua.

Jumapili nilisikiliza. Sikutaka watu, nilikwenda kwenye chumba cha kukaushia, nikafunga mlango. Yule mama aliimba wimbo ule ule. Alimaliza ubeti. Piano ikasimama, na mimi nikasimamisha moyo. Akavuta pumzi, nikaisikia pumzi yenyewe, ndefu, mpaka mwisho wake. Halafu akaingia kiitikio.

Hakuna kitu. Nikasema labda wimbo unaofuata. Hakuna kitu. Nilisikiliza kipindi kizima, nikasikiliza matangazo ya sabuni, nikawasikiliza wewe na Kiyoyozi wako mkisahau kuzima kipaza sauti na kubishana nani kaacha mlango wazi. Nilivisikia vyote. Katikati yake palikuwa patupu, pasafi, na sijawahi kufurahi namna hii kwa kutosikia kitu.

Shangazi yako,
mzima